Zakari wa Kamalondo na Taa Nyekundu Isiyolala

Sogeeni, enyi wana wa Lubumbashi, mnaosonga bukari, ugali wetu, na mnaoingojea ipoe. Punguzeni redio zenu, watulizeni watoto, kwani nawaletea habari ya vita vilivyopiganwa Kamalondo mchana kweupe, juu ya meza ya mbao, kwa silaha ya koleo na chuma cha kulehemu. Jemadari wa vita hivyo alikuwa Zakari bin Nasoro, wa ukoo uliotoka Maniema, Mfungua Maboksi, Mtuliza Umeme Wenye Wazimu. Asiyeamini na aende Kamalondo akaulize.

Huyo Zakari alikuwa akitengeneza régulateur, yale maboksi yanayokaa kati ya ukuta na friji ili umeme ukija kwa hasira usiiue friji ya mtu. Kila boksi alilivika usoni taa nyekundu, na taa hiyo haikulala: hata ukilizima boksi, yenyewe ilikaa macho madamu umeme umo ukutani. Boksi la dirishani kwake ndilo lililokuwa mlinzi wa avenue nzima, mtaa wote ule. Umeme ukikatika, majirani walizima vyombo vyao vyote kwa kuogopa kishindo cha marudio, kisha wakakodoa macho dirishani kwa Zakari. Taa ikiwaka, Mama Kulthumu wa ng'ambo ya barabara, muuza barafu, Mwenye Koo la Shaba, alipiga ukelele mmoja, "Courant!", yaani umeme umerudi, na watu wote wakawasha.

Basi kampuni moja yenye kambi ya wachimbaji upande wa Kinsevere ikataka maboksi kwa nyumba za wafanyakazi wake, kwa sharti kwamba yatii sheria ya vyombo visivyodhuru mazingira. Zakari akikubaliwa, atabaki Kamalondo. Akikataliwa, atakwenda Kolwezi, ambako shemeji yake alikwisha mwekea nafasi ya kazi, na Mounira mkewe atabaki na watoto peke yake. Tuseme wazi: Zakari alimpenda Mounira, na jina la Kolwezi lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya ukaguzi ikafika, na pamoja nayo akafika mkaguzi, Benita binti wa Kasai, Mshika Kipimo, Asiyehongeka kwa Soda. Hakulitaka boksi jipya lililong'arishwa kwa ajili ya wageni. Alinyoosha kidole dirishani, akalichukua lile lile la mlinzi, akalifungua kwa bisibisi, akalifunga, akalizima, akalipima. Kisha akasimama kuhutubu.

"Papa Zakari! Hii boksi yako iko muzuri. Inafunguka na tournevis ya kila muntu, ikiharibika inatengenezeka, hapana ya kutupa. Lakini nimeizima, na iko inaendelea tu kunywa courant! Sheria inakataza. Ile taa yako njo mwizi!"

Zakari akapandwa na mori. "Mama Benita, kama iko mwizi, leo anakufa mu mikono yangu!"

Hakuuliza swali, hakushauriana na mtu. Akakamata koleo, akauingiza mkono tumboni mwa boksi, na kwa pigo moja akaukata waya wa taa iliyowalinda majirani miaka na miaka. Benita akakiinua kipimo apime upya, na hapo hapo umeme ukakatika.

Wakazima kila kitu kama ilivyo desturi, wakalirudisha boksi dirishani, wakaketi kungoja. Benita akanywa chai. Zakari akampa habari za ukoo wake wote tangu Kasongo, naye Benita akamlipa kwa za Mbuji-Mayi. Jua likahama mezani likaenda ukutani. Nje, kinyozi aliyemnyoa mtu nusu kichwa alikaa macho dirishani, na mwenye kichwa hicho naye macho dirishani, na Mama Kulthumu akiwa mlangoni kwake, mikono kiunoni, akiziona barafu zake zikigeuka maji. Avenue nzima ilingoja kwa subira ya kusifiwa.

Ndipo Mounira akarudi kutoka sokoni na kapu lake la mboga za lengalenga, akasimama mlangoni akiwashangaa.

"Eh! Munakaa namna hii juu ya nini? Kwa avenue ya pale miziki inalia tangu zamani!"

Zakari akabonyeza swichi ya feni. Feni ikazunguka. Umeme ulikuwa umerudi kitambo, na hakuna aliyejua, kwa maana mlinzi alikuwa amekwisha uawa.

Habari ikavuka barabara kabla ya mtu kuipeleka. Mama Kulthumu akaingia na bakuli la maji mekundu ya sharubati yaliyokuwa barafu, akalitua mezani kwa kishindo.

"Zakari, mutoto ya Nasoro! Shiye bote tunaishi na ile taa! Leo umeiua, na courant iko inatuchekelea mu kuta! Kama njo sheria ya mazingira, shiye hatuko mazingira?"

Benita akalitazama bakuli, akamtazama Zakari, akakuna shingo.

"Mama, sheria haisemi sifuri," akasema taratibu. "Inasema nusu wati. Taa ikikunywa chini ya pale, inaweza kubakia."

"Na haukuniambia?" Zakari akalia.

"Ulinipa nafasi, papa? Nilikuwa nasema, weye ulishakata."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini waya uliokatwa huungwa. Zakari aliona haya mpaka masikioni, kisha akaing'oa ile balbu nene, ambayo paka alizoea kulala ubavuni pake kwa joto lake, na kutoka kwenye tochi iliyokufa akatoa kijitaa kisichozidi punje ya mahindi. Akakiwekea résistance, kizuizi kidogo cha kukipimia umeme wa kunywa. Chuma kikapata moto, moshi ukapanda, risasi ikayeyuka ikashika. Jasho lilimtiririka. Mounira alishika boksi kwa mikono miwili lisitikisike, huku akiomba.

Benita akapima. Akapima tena. "Iko chini ya nusu wati. Kwangu mimi, imepita."

"Kwangu mimi bado," akasema Mama Kulthumu. "Kale kadudu, nani atakaona? Mukarudishe ku dirisha. Nitaangalia mwenyewe."

Akavuka barabara kwa mwendo wa hakimu. Hakuwa amegeuka bado mlangoni kwake, umeme ukakatika tena. Avenue ikazima vyombo. Watu wakatoka nje, kinyozi na mkasi wake, wakasimama wakilitazama dirisha, na Zakari akaukamata mkono wa Mounira mbele za watu, jambo asilowahi kulifanya.

Wakangoja. Halafu, katika kile kioo chenye vumbi, ikachomoza nukta moja nyekundu, ndogo mno, kali mno.

"COURANT!" akapaza Mama Kulthumu, na sauti yake ikafika hadi mtaa wa Bel-Air.

"Courant!" ikaitika avenue nzima. Feni zikazunguka, miziki ikalia, yule wa nusu kichwa akarudi kitini mbio. Na yaandikwe katika tarikhi za shaba na za watu wake kwamba siku hiyo Zakari bin Nasoro aliishinda nusu wati na hakwenda Kolwezi, na kwamba Benita, Mshika Kipimo, aliyekuja kuhukumu na si kushangilia, alikuwa amesimama juu ya kiti akipiga kelele kuliko wote.