Kikao cha Msimu wa Kulungu

Kwa jina lake Mola aliyeziumba mbingu na nchi. Amani na imshukie kila ambaye macho yake yatapita hapa, hata kama hakualikwa.

Jumatatu, 18 Novemba

Mkurugenzi wetu wa Michezo amestaafu. Kiti ki wazi. Nimekitumikia chuo hiki cha Kilutheri, hapa kaskazini mwa Wisconsin, tangu enzi ambazo wasichana wangu wa voliboli walivaa jezi kuukuu za wavulana. Nimekuwa kocha, kisha mpanga ratiba, kisha naibu. Nikikosa safari hii, nitazeeka naibu. Ee Bwana, wajua sina tamaa. Ila nakitaka.

Mpinzani ni mmoja: Duane Halvorsrud, kocha wa mpira wa Kimarekani. Mcheshi. Anapendwa. Hatari! Kamati itatuhoji wiki hii, na kupanga siku ni kazi ya naibu. Nimepanga Jumamosi asubuhi, siku ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu. Duane hajapata kuukosa ufunguzi, hata mwaka ule mkewe aliposhikwa na uchungu wa kuzaa. Nimesali, nikalala fofofo.

Jumatano, 20 Novemba

Duane amepata taarifa ya kikao. Akacheka tu, akanipa soseji ya kulungu wa mwaka jana. Nimeipokea kwa uso wa msiba. Tamu mno!

Jumamosi, 23 Novemba

Nimewahi ukumbini, suti ya buluu, Biblia mkononi. Duane hayupo. Utukufu kwa Mungu!

Mwenyekiti naye hayupo. Mhasibu hayupo. Mchungaji Lindquist hayupo, mtumishi wa madhabahu! Nilimfikiria Duane kwa makini sana. Sikufikiria kwamba wengine nao wana bunduki.

Katika kamati amekuja Profesa Oyen peke yake, mwalimu wa Kilatini. Akatazama viti vitupu, akanitazama mimi. "Verna wewe, umezaliwa papa hapa. Ulidhani watakuwa wapi leo, maktaba?"

Nikafungua Biblia kwa heshima.

Kisha mwenyekiti akapiga simu. Asema wanakamati wengine wote wako pamoja, hivyo kikao kifanyike huko huko kesho, baada ya ibada. Huko wapi? Kwenye kibanda cha mwituni cha Duane!

Jumapili, 24 Novemba

Profesa Oyen ameniazima kizibao cha rangi ya chungwa, wawindaji wanione kwa mbali, nisije nikapigwa risasi. Nimekivaa juu ya suti.

Duane alikuwa jikoni akikoroga sufuria. "Kocha Verna! Karibu mama. Umekuja kuwinda au kuwindwa?" Wakaangua kicheko. Mchungaji akawazidi wote.

Nikahojiwa kando ya kulungu aliyening'inizwa. Nikaeleza habari za mabasi, za waamuzi, za wasichana kupewa uwanja kwa saa zile zile wanazopewa wavulana. Wakasikiliza, nakiri.

Ikafika zamu ya Duane. Hakuacha hata kukoroga. "Mimi nikae ofisini? Jina langu mliliweka wenyewe, sikuwatuma. Mpeni Kocha. Alimfundisha mke wangu, na mke wangu ndiye anayenifundisha mimi."

Mikono yote ikainuka, mingine imeshika soseji. Kiti ni changu!

Akinisindikiza garini, Duane akasema kwamba ningemuuliza tu Jumatatu, angeniambia hakitaki kiti.

Jumatano, 4 Desemba

Nimekalia kiti na kutafakari kwa unyenyekevu. Nisingeipanga siku ile, wasingekusanyika kibandani. Wasingekusanyika kibandani, nisingechaguliwa. Ni dhahiri kwamba Bwana aliubariki mpango wangu.

Sasa Roxanne Pelkey, kocha wa hoki, anataka kuchukua jioni zote za ukumbi wa mazoezi. Kamati ya ukumbi itapiga kura. Ziwa limeanza kuganda, na Jumamosi ya kwanza barafu ikishika, Roxanne huwa huko anavua samaki kwenye tundu la barafu, hata aitwe na gavana. Nimeitisha kikao asubuhi hiyo hiyo. Wajumbe waliobaki ni kaka zake wawili na shemeji yake, watu wapole wa ziwani. Bila shaka watafika.

Mola ambariki asomaye haya, yeye na nyumba yake. Meza yake isikose chakula, na usiku wake uwe mtulivu kama wangu. Amina.