Maksai wa Mjomba na Majoho ya Kwaya

Jumatatu, 22 Aprili 1974
Mafuriko yamebeba daraja. Jumamosi kwaya yetu inakwenda mashindanoni Amagoro kwa miguu, na maji ya mto yanafika kifuani. Roselida, mwalimu wetu wa kwaya, ametangaza: kati yangu na Emojong, atakayevusha mabegi ya majoho yakiwa makavu ndiye kiongozi mpya wa kwaya. Emojong akasema atayabeba kichwani, moja moja. Kichwani! Karne hii! Cheo hicho nimekiota tangu niingie sauti ya besi. Ni changu.

Jumatano, 24 Aprili
Nimeazima tyubu ya lori kwa dereva aliyekwama kwenye foleni ya forodha, Malaba. Nikaijaza upepo, nikaweka juu yake begi la majaribio. Ndani, suruali yangu ya Jumapili. Ikaelea kwa heshima. Kisha ikazunguka mara mbili, ikashika njia yake, ikapotea kwenye kona. Dereva anataka tyubu. Mimi nataka suruali. Nilimwambia tuulize mto, akanitukana vibaya sana.
Emojong alikuwa akioga ng'ambo. Alicheka mpaka akameza maji. Vizuri.

Alhamisi, 25 Aprili
Mungu amenifungua akili! Mjomba Omoding ana maksai wawili wa kulimia. Ng'ombe anajua kuogelea, hakuna mjadala. Tutawafunga mabegi migongoni. Mjomba alikuna kichwa. Akasema, "Hii maji hawajui, lakini laini ya shamba wanajua. Hawapindi hata kidogo." Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo sifa ninayotaka.

Jumamosi, 27 Aprili
Mabegi kumi na mawili. Emojong sita, mimi sita. Yeye akaanza, begi kichwani, kama mama anayetoka kisimani. Mimi nikapiga mluzi. Maksai wakaingia, vichwa juu, mabegi makavu kabisa. Wakafika ng'ambo. Kwaya ikapiga vigelegele. Nikainama kupokea heshima.
Maksai wakageuka.
Miaka minane Mjomba amewafundisha: ukifika mwisho wa shamba, geuka, rudi. Wakarudi. Wakafika kwangu, wakageuka tena. Nikashika mkia wa mmoja, nikavushwa na mimi. Kamba zikalegea, mabegi yakashuka tumboni, kisha chini ya maji. Nikamlilia Mjomba awasimamishe. Akajibu kwa utulivu kwamba hupumzika baada ya mistari sita. Na kweli, walipomaliza wa sita walisimama wakala nyasi. Upande uleule tulioanzia!
Emojong aliyavusha na yale sita yangu, moja moja, kichwani, maji yakimtiririka usoni. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 28 Aprili
Jana safu ya nyuma iliimba ikichuruzika maji. Waamuzi waliinua miguu. Tumekuwa wa mwisho.
Leo baada ya misa Roselida amemtangaza Emojong kiongozi. Akaongeza, mbele ya watu, kwamba Ignatius, yaani mimi, asiguse begi tena, hata la mkononi. Nililia kidogo nyuma ya kanisa, sikatai.
Lakini nimefikiri kwa kina. Kosa ni la jembe. Mnyama asiyelima hana mazoea ya kugeuka. Jioni nimekwenda kwa mzee Barasa kuazima punda. Amenionya kwamba punda wake anaogopa maji vibaya sana, hata dimbwi hakanyagi.
Nimemwambia hiyo ni nzuri sana. Akishavuka mara moja, hatathubutu kurudi.