Nimejipandishia Mahari Mwenyewe

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. (Si nguo zenyewe. Ila afadhali ingekuwa nguo.)

Tumefika Kishapu asubuhi kuzungumza mahari ya Neema wangu. Msemaji wetu ni Baba Mdogo, mtu anayeweza kutoa machozi apunguziwe bei ya nyanya. Wakwe walishatuma neno: ng'ombe ishirini. Zizini kwetu wapo kumi na wawili.

"Wewe ndani huingii," Baba Mdogo akaniambia. "Muoaji hukaa nje, kimya. Kazi yako ni kuonekana huna kitu."

"Sawa, Baba." (Kazi niliyosomea.)

Nikaketi chini ya dirisha lao. Mawazo yakaanza. Wakikataa je? Wakisema nimekonda? Mbona huyu kuku ananitazama hivi?

Ili nisizimie, nikatoa kimashine changu cha michezo, mtumba wa Japani. Kina mchezo wa ajabu: kila hatua ni kulipa. Kumsalimia mtu, lipa. Kuuliza njia, lipa. Ukitoa kidogo, anakula hela yako na kukugeuzia mgongo. Ukiishiwa, unakufa. (Kama maisha baada ya chuo, ila huu una muziki mzuri.)

Kuna mlinzi wa daraja amenitesa wiki nzima. Nikaapa: leo navuka! Nikavaa spika za masikioni, nikampa kidogo. Akala. Nikaongeza. Akala. Damu ikachemka.

"Mpe anachotaka!" nikamwambia mtu wangu wa kwenye mchezo. "Ubahili wa nini? Mali tunayo tele!"

Nilidhani nanong'ona. Mwenye spika masikioni hajui kipimo cha sauti yake.

Mtu akanigusa bega. Nikavua spika, nikageuka. Dirisha zima lilikuwa vichwa. Baba Mdogo alikuwa na leso mkononi, machozi ya kuomba kupunguziwa hayajakauka. Shangazi yake Neema alicheka hadi kitenge kikamvuka.

"Wabeja sana, mwanangu!" akanishukuru kwa Kisukuma. "Huyu mzee wako anatulilia eti ukame umemaliza zizi. Kumbe bahili ni yeye!"

"Shikamoo, Shangazi. Ule ulikuwa mchezo tu..."

"Marahaba. Mahari si mchezo, baba."

Baba Mdogo akanivuta pembeni. "Tuwaambie umechanganyikiwa. Wataamini, wamekuona."

Nikafikiri. Nikafikiri tena. (Ndivyo nilivyo.) Kisha nikamwona Neema kwenye mlango wa jikoni, amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mawazo yote yakakatika.

"Hapana, Baba. Ishirini. Kumi na wawili sasa, nane nitawatafuta."

Vigelegele! Baba Mdogo akajifuta machozi mapya. Haya yalikuwa ya kweli.

Yule mlinzi wa daraja alikula hela zangu zote na hakufungua. Baba yake Neema amefungua.

Msicheke. Mwenye ng'ombe mtamba wa bei nafuu aniandikie pembeni. Na kimashine nakiuza.