Zahanati ya Siku Moja

Siku Brashi alipoondoka ilikuwa mchana kweupe, na Kinanda ndiye aliyemshikilia kwenye bajaji. Walisimama kwanza kwenye zahanati ya mtaa, maana ilikuwa pale pale nyuma ya stendi, na ukutani iliandikwa kwa herufi nyekundu za kupendeza: HUDUMA USIKU NA MCHANA. Kinanda aligonga mlango mpaka ngumi ikamuuma. Brashi, mkono kifuani, akamwambia, "Gonga polepole, ndugu yangu. Rangi hiyo nimepaka mwenyewe."

Na ni kweli, mchora mabango alikuwa yeye. Mlango haukufunguliwa, kama ambavyo haukuwahi kufunguliwa tangu jengo lile likamilike. Wakaendelea na safari kwenda hospitali kubwa, ng'ambo ya daraja, kwenye msururu wa magari yasiyosogea. Walipofika, Kinanda alikuwa anaongea peke yake.

Kuongea ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka yote Brashi alichora, Kinanda akasema. Waliwahi kufungua chuo cha urubani kwenye chumba kilicho juu ya kinyozi, kwa nguvu ya bango tu. Waliwahi kuuza tiketi za mechi ambayo timu zote mbili hazikuwa na habari nayo. Tuwatendee haki marehemu na mwenzake: hawakuwahi kumlaghai mtu asiye na tamaa, hasa kwa sababu mtu wa namna hiyo hawakubahatika kukutana naye.

Baada ya msiba, Kinanda alikwenda kila asubuhi kukaa kwenye kibanda cha Brashi, katikati ya makopo ya rangi, bila kugusa kitu. Hapo ndipo Katibu wa Mheshimiwa Mbunge alipomkuta. Katibu alivaa tai iliyofika kwenye mkanda na kuendelea na safari.

"Fundi yuko wapi? Nataka bango."

"Amesafiri," alisema Kinanda, kwa kuwa lile neno lingine lilikuwa bado halijamtoka mdomoni. "Sema na mimi."

Bango lilikuwa la Alhamisi. Mheshimiwa alikuwa anakuja kuwasomea wananchi taarifa ya kazi alizowafanyia, na redio ingekuwepo. Barabara ilikuwa na maneno yake, maji yalikuwa na maneno yake. Tatizo lilikuwa zahanati.

"Zahanati ina shida gani?"

Katibu akatazama huku na huku. "Haina shida. Haina kitu chochote, hata hiyo shida yenyewe haina."

"Si tulisikia vitanda vililetwa?"

"Vimehifadhiwa. Nyumbani kwa Mheshimiwa. Kwa usalama."

Ukitaka kujua usalama huo, friji ya chanjo ilikuwa inapoza soda, vitanda walivilalia mashemeji wa Mheshimiwa, na mizani ya watoto wachanga ilikuwa jikoni inapima nyama.

Kinanda akahisi kitu kikiamka kichwani, kitu kilicholala tangu siku ya bajaji. Akavuta kiti, akampangusia Katibu.

"Kaa, mkuu. Mheshimiwa akisoma taarifa mbele ya mlango wenye kufuli, watu watacheka. Sasa nikopeshe vitu hivyo kwa siku moja. Nitakupa zahanati inayopumua. Vitanda vina mashuka, mgonjwa yumo, nesi kasimama. Taarifa ikiisha, kesho yake asubuhi unatuma gari, vitu vinarudi vilikokuwa salama."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Sitaki kitu. Nampenda Mheshimiwa."

Mtu akikwambia anampenda mbunge bure, shika viatu mkononi ukimbie. Katibu hakukimbia. Alimpa mkono.

Jioni hiyo hiyo Kinanda alikwenda kwa mwenye gesti ya pale stendi, akamuuzia vitanda na friji. Mzigo ungefika kwa mkokoteni mara tu mkutano utakapokwisha. Kama kishika uchumba cha biashara hiyo, alivishwa jozi ya viatu vya ngozi, vyeusi, vinavyolia kila hatua. Na Mheshimiwa angemlalamikia nani? Angekwenda polisi kusema ameibiwa vitu alivyoiba?

Kilichobaki ni nesi, na nesi wa kweli alikuwepo: mjane wa Brashi. Alikuwa amepangiwa kazi kwenye zahanati hiyo hiyo. Mlango ulipogoma kufunguka, wakubwa wakamhamishia ofisi ya wilaya kupanga mafaili. Kinanda alimkuta anakunja mashati ya mumewe yenye madoa ya rangi.

"Shemeji, ni mchezo wa saa mbili tu."

"Unadhani Brashi angekubali?"

"Angeuliza tunataka rangi gani."

Nesi akacheka kidogo, ndani kwa ndani, akalainisha kola ya shati. "Haya. Ila nataka kitu kimoja, shemeji. Mheshimiwa anikabidhi ufunguo mbele za watu."

"Hilo tu? Nitakuchongea ufunguo wa mbao mkubwa kama kasia, nikupakie rangi ya dhahabu."

"Nichongee. Na mgonjwa wa kulala kitandani nitamtafuta mwenyewe. Wewe una mambo mengi."

Kinanda akaondoka anamwonea huruma. Watu wakifiwa, aliwaza, hutaka tu kushika kitu mkononi.

Alhamisi watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Mheshimiwa alishika kipaza sauti kama mtu anayekula muwa.

"Ndugu wananchi, barabara yenu imekamilika kwa asilimia tisini."

"Hiyo kumi iliyobaki ndiyo lami," alisema muuza nyanya, na waliomzunguka wakainama kuficha vicheko.

"Taa za barabarani zimesimikwa."

"Nguzo tumeziona, baba. Tunaanikia nguo."

Mheshimiwa akavuka haraka mpaka kwenye zahanati. Milango ikafunguliwa, na umati ukaguna kwa mshangao wa kweli. Mashuka meupe. Friji inanguruma. Kitandani mgonjwa kajifunika mpaka utosini, anakohoa kwa adabu. Kinanda, nyuma ya umati, viatu vinamlilia miguuni, alitamani Brashi angekuwepo aone. Angalau dakika moja tu.

Mheshimiwa alikabidhi ufunguo wa mbao. Picha zikapigwa. Nesi akaupokea kwa kupiga magoti, akauegemeza ukutani, akasogelea kipaza sauti.

"Ahsante, Mheshimiwa. Na ule wa chuma?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa akacheka pia, akamtazama Katibu. Katibu akatazama viatu vyake. Mwandishi wa redio akasogeza kinasa sauti karibu, na mkono wa Katibu ukaingia mfukoni taratibu, kama unaingia kwenye maji ya moto. Ufunguo ukatoka.

"Na kesho nifungue saa ngapi, Mheshimiwa?"

"Kesho... eeh... saa moja."

"Asubuhi?"

Umati mzima ulimtazama mdomoni.

"Asubuhi," alisema Mheshimiwa. "Kila siku."

Makofi yaliyofuata yalikuwa ya kwanza siku hiyo ambayo hayakuwa yamepangwa.

Kinanda hakujali. Ufunguo ni chuma tu, na Nesi ni shemeji yake. Jua lilipoanza kulegea alifika na mkokoteni na mwenye mkokoteni wake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akagonga. Ukafunguliwa. Akasimama pale kizingitini kidogo, mkono bado uko juu, maana mlango ule aliujua kwa namna nyingine.

"Karibu, shemeji," alisema Nesi.

Kitandani, shuka lilishuka, akatokea mama yake Kinanda.

"Mama?"

"Unashangaa nini? Nesi kanipima presha. Anasema iko juu, nilale hapa mpaka kesho. Huo mkokoteni wa nini?"

Ulimi uliofungua chuo cha urubani ukaambulia hili tu: "Nimekuja kukuangalia, mama."

"Na mkokoteni?"

"Endapo ungekuwa umezidiwa."

"Kwa hiyo ungenibeba kama viazi. Vua viatu, Nesi kapiga deki."

Akavua. Kitanda cha pili kilikuwa kimezungushiwa pazia, na nyuma yake binti wa mwenye gesti alikuwa ameshikwa na uchungu. Mwenye gesti mwenyewe alikuwa kwenye benchi, anasubiri mjukuu, jasho linamtiririka. Alimtazama Kinanda, akatazama kitanda alichokinunua, akatazama pazia.

"Biashara hakuna tena," alisema kwa sauti ya chini. "Nipe viatu vyangu."

Kinanda akamgeukia Nesi. "Shemeji, ulinipanga."

"Sijasahau siku ya msiba uliponisimulia mlango huu ulivyokataa kufunguka," alisema Nesi, anaosha mikono. "Wewe ulitaka vitanda, mimi nilitaka mlango. Ungeniambia ukweli, ningekukatalia mapema."

Asubuhi Katibu alikuja na gari. Alikuta foleni ya akina mama na watoto imezunguka jengo mpaka stendi, na redio ya muuza nyanya inarudia ile sauti: asubuhi, kila siku.

"Nimekuja kwa vile vitu," alimnong'oneza Nesi.

"Vitu gani?" aliuliza Nesi, kwa sauti ya kusikika mwisho wa foleni.

Foleni ikageuka yote. Katibu akalegeza tai.

"Presha," alisema. "Nimekuja kupima presha."

"Nyuma ya yule bibi," alisema Kinanda, aliyesimama mlangoni miguu mitupu akipanga watu, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaongea bila kuuza kitu.

Maandishi ya Brashi bado yako ukutani. Nesi hataki yaguswe, ingawa si ya kweli. Chini yake Kinanda ameongeza mstari kwa brashi ya mwenzake, herufi zake zimelala upande kama zimelewa: saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni.