Nimempandisha Baba Mkwe

Jamani, leo nimeadhirika mchana kweupe.

Mnaijua ile kamera yangu ya filamu yenye macho manne. Unabonyeza mara moja, inapiga picha nne, kila moja kwa pembe yake kidogo. Filamu ikishasafishwa naziingiza kwenye kompyuta, nazikimbiza moja baada ya nyingine. Basi mtu anachomoza kwenye picha, anayumba kushoto kulia, utadhani unaweza kumshika pua.

Wiki iliyopita nilienda Maneromango kujitambulisha kwa kina Mwajuma, mchumba wangu. Nikampiga picha baba yake, Mzee Pazi, kasimama uani kando ya pipa la maji. Jibu la posa lilikuwa litoke leo baada ya adhuhuri. Nikasema ngoja nimlainishe mzee kwanza. (Kiherehere hicho! Nani kanituma?)

Asubuhi nikajifungia kwenye stesheneri ya rafiki yangu hapa Kwa Mathias. Picha hizi lazima uchague kitu kimoja kitulie, vingine vyote viyumbe. Kawaida unachagua uso wa mtu. Mimi kwa haraka nikachagua pipa. Pipa likatulia tuli! Mzee Pazi akawa anatikisika mwili mzima, macho kayakodoa, maana nilimkataza kupepesa. Nikaona poa tu, ndiyo sanaa yenyewe.

Nikaiweka mtandaoni, kisha nikamtumia shangazi yake Mwajuma, mwenye simu kubwa pale nyumbani: "Shikamoo shangazi. Mzee nimempandisha. Mwangalieni anavyocheza!"

Sasa, kwetu vijana kupandisha ni kuweka picha mtandaoni. Kwa shangazi, mtu akipandisha, kapandisha mashetani.

Mwajuma anasema shangazi alipiga yowe mpaka majirani wakaja. Mzee alikuwa kajilaza chumbani. Wakamvamia na chetezo cha ubani. Moshi ukamkaba, akaamka anakohoa, anatetemeka kwa kukohoa.

"Hao! Wanapanda hao!" shangazi akapaza sauti.

Mimi huku sina habari. Mara simu ikaita. Mzee mwenyewe! Nikajiweka sawa kama ananiona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenipandisha?"

"Ndiyo baba, mimi mwenyewe!" (Najisifu, punguani mimi.)

"Kwa dawa gani?"

Nikajua anauliza mambo ya filamu. Nikafurahi! Mzee ana hamu ya kujifunza.

"Ipo dawa yake maalumu baba. Unatumbukiza filamu gizani, sura ya mtu inatokea yenyewe. Wala usijali, nikija nampandisha na mama."

Kumbe simu iko spika. Kumbe wazee wote wa posa wamekaa pale. Nikasikia "Audhubillahi!" za watu kama kumi, mama mkwe akaangua kilio, simu ikakatwa.

Mwajuma aliponipigia kunieleza yote, nilitaka kuzama chini ya meza. Nimeomba radhi mpaka vocha imeisha. Nimewaeleza macho manne, nimewaeleza pipa. Ndiyo nimeharibu zaidi. "Macho manne?" shangazi akauliza. "Ya nani?"

Posa hawajaikataa, alhamdulillahi. Wamesema watajibu nikishamshusha mzee. Nimefuta picha hapo hapo. Wamegoma! Ijumaa natakiwa niende mwenyewe, nimshushe mbele ya ukoo mzima.

Msicheke, nawaomba. Mwenye kujua kushusha anipigie. Picha naweza. Mzee ndiyo simwezi.