Mutoto Atalala Wapi Njiani

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba

Keren ameingia sasa hivi ndani ya beseni la unga. Amekaa katikati, amejimwagia unga kichwani kwa mikono miwili, halafu ameniangalia kama muntu wa biro aliyekatizwa kazi ofisini. Nimemutoa. Amerudi. Nimemuacha. Miezi kumi na minne, na miguu imeanza kumutii wiki mbili tu zilizopita. Baba yake hajaona! Alimuacha hawezi hata kukaa bila kuegemea kitu.

Hiyo njo sababu ya safari. Kamyo, lori la mizigo, inaondoka Jumatatu ijayo kwenda Manono, kwa bwana yangu Floribert. Anatengeneza pikipiki kule, miezi tisa sasa. Siku nne barabarani, na usiku abiria wanalala kando ya njia. Nafasi nimepata. Nguo nimefua. Nikaenda kwa Papa Cyprien, kaka mukubwa wa Floribert, anayetuangalia hapa Kalemie. Kumuaga tu, kwa heshima. Akaweka kijiko chini. Akauliza mutoto atalala wapi. Nikasema njiani. Akasema njiani siyo kitanda. Hadi Jumamosi nimuonyeshe, kwa macho yake, mahali pa kumukinga mutoto na umande, mbu na nyoka. Bila hiyo hakuna anayepanda kamyo.

Kwa macho yake! Macho gani? Kila siku saa nane muchana analala kwenye kiti cha biro, mudomo wazi, na hakuna aliyemuomba aonyeshe kitu.

Tena Mama Jovial, jirani yangu, anapanda kamyo ileile. Yeye ana hema. Hema ya zipu. Avenyu yote, nyumba kwa nyumba, imejua, na mbuzi wa avenyu wamejua.

Mimi sina hema. Nina akili.

Jumanne, tarehe 8

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika kidogo.

Makonvoyeri, vijana wa kazi wa kamyo, hawana hema. Wanafunga wavu chini ya gari na kulala wakining'inia, upepo unawabembeleza. Nyoka hafiki. Umande wa chini haufiki. Kitanda gani kinashinda hicho? Nikaenda pwani kwa binamu yangu Destin, muvuvi, akanipa wavu wa ndagala, samaki wadogo wa ziwa, uliochoka. Nikaufua mara tatu. Nikaufunga, huku kwenye muti wa papai, huku kwenye nguzo ya jiko.

Keren siwezi kumujaribishia kitu. Nikaweka kwanza mufuko wa muhogo. Ukashika. Nikaongeza tofali mbili. Ukashika. Nikapanda mimi.

Papai halikuvunjika kwa haraka. Liliinama polepole, kwa adabu, kama linasalimia. Halafu likaanguka lote, na matunda saba mabichi. Nguzo ya jiko ikafuata. Paa la jiko sasa linatazama ziwa. Na mimi chini, nimefungwa ndani ya wavu, mukono mumoja nje. Paka watano wamekuja kwa harufu ya ndagala, wamekaa kunizunguka, wananingoja.

Papa Cyprien alichagua saa hiyo kupita! Akasema ameona mengi yakitolewa katika ziwa hili, lakini hili yeye angelirudisha majini.

Muntu muzima. Mukristo.

Jumatano, tarehe 9

Leo nilijishusha. Nilikwenda kwa Mama Jovial mwenyewe.

Mupango ulikuwa mutamu. Nimusuke nywele za safari, zile ndogondogo za siku nzima, na yeye apokee Keren ndani ya hema yake njiani. Mimi nitalala nje, hainisumbui. Alikubali. Alikubali vizuri, anacheka. Nikasuka kuanzia saa moja hadi vidole vikafa. Nilipofunga nywele ya mwisho akajitazama kwenye kioo, akashukuru, akasema kwa bahati mbaya hema ni ya watu wawili. Nikamuambia basi, yeye na Keren, kwa sababu mutoto wake Jovial anabaki kwa bibi. Akasema hapana. Yeye na valizi yake ya nguo.

Valizi! Valizi inaogopa umande! Valizi inaumwa na mbu! Mutoto wangu ananyimwa nafasi na kitu chenye mikono ya plastiki!

Wakati ninatafuta maneno, sikumuona Keren. Aliingia mwenyewe ndani ya hema, iliyosimikwa katikati ya kiwanja ili watu waione. Jovial akavuta zipu kumufungia, kwa muchezo. Zipu ikakwama. Jua la saa tisa. Tulivuta, haikuenda mbele wala nyuma. Mama Jovial akasema nitulie, tutafute mafuta ya kupaka zipu. Ndani Keren akaanza kulia, halafu akaanza kulia kidogo. Kile kidogo njo kilinimaliza. Nilichukua kisu cha jikoni nikapasua hema kutoka juu hadi chini. Akatoka amelowa jasho, akanishika shingo.

Ningepasua hata nyumba.

Sasa Mama Jovial anatembea avenyu nzima anasema Mama Keren ni muntu wa visu. Nywele nilizomusuka anatembea nazo kichwani! Hajafumua hata moja.

Alhamisi, tarehe 10

Nitaandika kwa mupango.

Mama Constance anatunza bashi ya korali, turubai la waimbaji wa kanisa, ile kubwa ya bluu wanayoweka kwenye vilio vya marehemu na sikukuu. Aliniazima bila kuuliza sana. Saa kumi na mbili asubuhi nikaisimika mbele ya nyumba kwa miti minne. Chini mikeka. Mbele moto wa majani mabichi, moshi wa kufukuza mbu, ili Papa Cyprien aone akipita kwenda kazini kwamba nimefikiria yote. Nikajifunga kitambaa kichwani. Nikakaa kwenye mukeka nikamungoja. Moshi ukaniingia macho, yakawa mekundu, machozi yanatiririka.

Papa Cyprien leo alipita njia ingine!

Akapita Mama Julienne, muuza ndagala. Alisimama. Alishusha beseni. Akavua viatu, akaja kwenye mukeka, akanikumbatia akaanza kulia. Nikafikiri amepata shida kwake. Mimi siwezi kumuacha muntu alie peke yake. Nikalia naye, kwa nguvu. Wakapita wengine wawili, wakakuta watu wawili wanalia chini ya bashi. Wakavua viatu.

Saa nne kiwanja kilijaa. Wanaume walileta mabenchi, wakafungua dame, muchezo wa kete. Makaa yakaja, sukari ikaja, sufuria ya maharage ikapanda motoni kwangu, na sijui nani aliiweka. Korali ikaja ikaanza kuimba. Nikamuuliza Mama Julienne sikioni, kwa upole, amefiwa na nani. Akaniangalia kwa huruma akawaambia watu wanipe maji.

Halafu nikasikia nyuma yangu. Mama mumoja anamuambia mwenzake kwamba ni Floribert, kule Manono, pikipiki imemuangukia.

Hapo sikuwa na mupango tena. Nilipiga kelele sijui ya namna gani. Nikapiga telefone. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Keren alikuwa nyuma ya nyumba na watoto, na mimi ninaita jina la baba yake, na watu wote wanalia zaidi kwa sababu sasa wamepata jina.

Papa Cyprien akafika anakimbia, viatu mukononi, shati limetoka. Akapiga magoti mbele yangu.

"Nani amekuambia?"

"Wao."

Akawageukia. Wakasema wao wameona bashi.

"Bashi imewekwa na nani?"

"Na mimi, Papa."

"Kwa nini?"

"Ulisema nikuonyeshe mutoto atalala wapi."

Korali ilinyamaza katikati ya neno. Muntu mumoja akacheka puani. Ninajua pua ya nani. Nywele nilimusuka mimi.

Na waliondoka? Walisema maharage yameshaiva na chakula cha kilio hakimwagwi. Wakala. Kwa sahani zangu. Mabenchi yalitoka jioni.

Telefone ya Floribert bado haipatikani.

Ijumaa, tarehe 11

Nimezunguka nyumba kwa nyumba, Keren mugongoni, kurudisha sukari na makaa. Wengine walipokea bila kunitazama. Mama Julienne alikataa. Alisema machozi yake ya jana hayarudishwi, sukari nayo ibaki.

Shefu wa avenyu, Papa Gérard, alikuja na kitabu kuandika jina la marehemu. Nikamuambia hakuna. Akasema mustari ameshaufungua kwa biki, na wino haufutiki. Alibaki pale anaangalia kiwanja changu kana kwamba nikitafuta vizuri nitamupatia muntu.

Papa Cyprien amesema kilichokufa ni safari. Nisimuongeleshe kamyo tena. Kosa langu nini? Niliomba watu waje? Niliandika mahali kilio? Muntu akiweka bashi mbele ya nyumba yake, lazima afe muntu?

Nimeosha bashi, imejaa masizi. Nimepiga telefone mara kumi na saba. Floribert hazimi telefone, kwa sababu ya wateja. Ninajiambia ni netiweki. Keren ananiletea telefone kila nikiiweka chini. Anafikiri ni muchezo.

Jumamosi, tarehe 12

Amekuja!

Saa kumi, pikipiki iliingia kiwanjani bila kupunguza. Nyekundu yote, chombo na muntu, vumbi hadi kwenye nyusi. Sikumutambua. Alipovua kofia alikuwa na mistari miwili safi mashavuni, ya machozi. Aliona bashi ya bluu juu ya kamba, inakauka. Akabaki amesimama, miguu huku na huku ya pikipiki.

"Keren iko wapi?"

Niliangua kilio cha furaha. Akaelewa vibaya, nikaona uso wake unaondoka.

Keren njo alijibu. Alitoka jikoni peke yake, kijiko mukononi, hakushika ukuta. Alinipita. Alimupita Papa Cyprien, aliyekuja kuangalia kelele. Akafika kwenye pikipiki, akapiga tairi kwa kijiko.

Floribert akakaa chini kwenye vumbi.

"Anatembea," alisema. Akasema tena, "Anatembea."

Muchuuzi mumoja wa hapa avenyu alimupigia simu Alhamisi muchana: bashi imewekwa kwako, mama yuko kwenye mukeka, mutoto haonekani. Aliacha injini ya muntu imefunguliwa, akanipigia wakati mimi ninamupigia, haikupita, akapanda pikipiki. Njiani, tangu Kiambi hadi hapa, hakuna netiweki. Siku tatu barabarani, na kila kilima anamuzika mutoto wake kichwani.

Alipomubeba, Keren alilia, hamujui. Chai haijapoa, alishalala juu ya kifua chake. Hapo Floribert akauliza bashi ilikuwa ya nini. Nikaeleza. Alinigombeza saa nzima, kwa kunong'ona, asimuamushe. Sijawahi kugombezwa vibaya namna ile. Muntu anafungua mudomo wote, mishipa inasimama, na sauti haitoki.

Kisha akasema Jumatatu pikipiki inapanda juu ya kamyo, na sisi pia. Papa Cyprien akakohoa. Akauliza, bado anauliza, na njiani mutoto atalala wapi.

"Hapa," akasema Floribert.

Hakunyoosha kidole. Mikono yake ilikuwa na kazi.

Papa Cyprien akaangalia kwa macho yake. Akachukua kofia yake akaenda.

Jumapili, tarehe 13

Tumetoka misa. Watu wote wanamusalimia Floribert kama amefufuka, na mimi wananipita. Hakuna hata mumoja aliyesema asante Mama Keren! Miezi tisa nimemuomba bwana yangu aje, kwa simu, kwa ujumbe, kwa machozi, akasema kazi nyingi. Bashi moja, siku tatu. Nani alifanya hiyo? Hema ya zipu?

Nimefikiria wakati wa mahubiri. Mama yangu muzazi yuko Kongolo. Hajamuona Keren hata siku moja. Kila mara nikimuita anasema goti linauma, anasema njia mbaya. Sasa tukifika Manono, kama ninasimika bashi mbele ya nyumba na kukaa kimya, uongo uko wapi? Sitasema neno. Watu wenyewe watasema, hadi Kongolo, na mama atakuja. Nimuambie tu jirani muzuri wa kule asitaje jina la muntu, aseme tu kuna bashi, na nisiweke moshi, na maharage niyapike mimi kwa sahani za kuazima. Mara ya kwanza nilikosea hayo tu.

Mama Constance anafikiri nitamurudishia bashi yake leo jioni. Nitamuandikia kutoka Manono, yeye ni muntu wa kuelewa.

Floribert ananiita kutoka kwenye mizigo. Anauliza ndani ya mufuko wa nguo za Keren kuna nini kizito namna hii, na kwa nini ni bluu. Ngoja nimuambie kwamba ni mahali pa mutoto kulala njiani.