Ua Kwanza, Maneno Baadaye

Jumatatu, 4 Machi
Mchezo umekamilika! Ramani ya ngome imetanda meza nzima, pa kuweka sahani hapana. Mke wangu kasema basi tutakula magotini. Sawa. Sanaa ina gharama zake.

Utaratibu ni rahisi. Mimi msimulizi naeleza wanachokiona, wachezaji wanasema wanafanya nini, dadu la pande ishirini linaamua kama wamefaulu: namba kubwa ndiyo bora. Wachezaji watatu. Dada yangu mdogo, muuguzi. Mumewe, fundi wa friji, mjuaji. Jirani, fundi cherehani, mtu asiye na makuu.

Siri iko mlangoni mwa ngome. Pale nimemweka bawabu mzee. Ana kikohozi cha Baba, anapenda maua kama Baba. Siku Baba anafariki, dada alikuwa zamuni, akafika amechelewa. Tangu mazishi hajalia, wala hamtaji. Na Baba aliniachia neno la kumpa. Nimwambie hivi hivi, jikoni? Hapana. Bawabu atamwambia. Atalia, atapoa, atanishukuru. Jumapili ya wiki ijayo anahamia mbali kikazi, kwa hiyo ni sasa.

Jumatano, 6 Machi
Nimeandika kidokezo kwenye karatasi niliyoichovya kwenye chai ili ionekane ya kale. Watachuma ua bustanini, watampa mzee, naye atafungua moyo. Kinasema: "Ukimkuta mzee mlangoni, ua kwanza, maneno baadaye." Mke kauliza kwa nini nisiandike kwa urefu. Nikamweleza kwamba kidokezo kirefu hakina siri. Nimekisoma tena na tena. Hakina kasoro.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa!

Bustanini hawakusimama. Shemeji alisema hana muda wa majani. Wakafika mlangoni. Nikakohoa kile kikohozi. Dada akainua kichwa, nikajua nimempata. Hapo shemeji akasoma kidokezo kwa sauti na kutangaza kuwa amri imeshatoka. Fundi cherehani akauliza kwa upole, tuue nani? Shemeji akamjibu huyu mzee, kwani kuna mwingine? Akamsukumia dada dadu, maana mwenye upanga ni dada.

Nikapiga kelele kwamba ni ua, ua la bustanini! Nilichelewa. Shemeji akanikumbusha sheria niliyoiandika mwenyewe: dadu lililotupwa halirudishwi.

Ishirini.

Hakuna mzee anayepona ishirini. Ikabidi nieleze bawabu anavyoanguka. Nikamwita dada "mama", kama Baba alivyokuwa akimwita, kisha mzee akakata roho.

Dada akaweka viganja mezani. Akauliza taratibu, "Huyo alikuwa Baba?"

Nikasema ni bawabu tu. Akaenda kuvaa viatu.

Jumapili, 10 Machi
Dada kaja asubuhi, peke yake, macho yamevimba. Akaanza kuosha vyombo vyetu bila kuombwa. Akasema akiwa amenipa mgongo:

"Kaka, kama Baba aliniachia neno, nipe. Nimechoka kukisia."

Neno lenyewe ni fupi. Baba alisema asijilaumu, kwamba alikuwa akimsikia njiani anakuja. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa, na roho iliniuma. Lakini pale, kati ya masufuria? Baada ya kazi yote ile? Nikamwambia avumilie, Jumamosi mzee atafufuka.

Akasema atakuja, ila kesho yake anasafiri, na hatakuja tena kwa ajili ya mchezo. Akafuta mikono, akaondoka.

Alhamisi, 14 Machi
Nimelitafakari kosa kwa kina. Ni la shemeji na haraka zake. Pia lile neno lilikuwa na maana mbili, nakubali. Kwa hiyo maua nimeyaondoa yote. Safari hii watabisha mlangoni kwa adabu, mzee atatoka, atasema. Mke kauliza kwa nini nisimpigie dada simu nikamalizana naye. Nimemhurumia, hajui mambo ya michezo.

Upanga bado uko kwa dada. Kidokezo kipya nilikiandika: "Ukimkuta mzee mlangoni, piga hodi kwanza, maneno baadaye." Kirefu mno. Nimefuta "hodi". Kila mtu anajua mlangoni watu hupiga nini.